Uzi: Tunataka drafti ya fantasi yenye biashara ya wachezaji, sio kila mtu kulala na kikosi chake hadi Mei

Kiungo Mkabaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Drafti ninayoizungumzia sio ile ya kete na kingi. Ni fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza (unaunda kikosi cha wachezaji halisi, wanakuletea pointi kwa wanavyocheza uwanjani) ya mtindo wa kugawana wachezaji, ambapo mchezaji mmoja ana mwenyewe mmoja tu. Ukishamchukua Haaland, sisi wengine tisa tunabaki kumtazama kwenye televisheni. Hakuna bei wala bajeti, na hakuna kapteni wa kuzidisha pointi. Mnapokezana kuchagua hadi kila mtu afikishe 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, mastraika 3.

Tuko kumi, na huu unaokuja wa 2025/26 ni msimu wetu wa nne. Msimu wa 2024/25, wiki zote 38, dili zilizokamilika zilikuwa mbili. Moja ya hizo mbili ilikuwa ya makipa wa akiba waliobadilishana benchi tu.

Ile iliyoniuma haikukamilika. Mtakumbuka Septemba 28, 2024, Palmer alivyoipiga Brighton mabao manne kabla ya mapumziko. Palmer alikuwa wangu. Nikakaa nikawaza: thamani yake haitapanda kuliko leo, na mastraika wangu wote watatu walikuwa wagonjwa wa kudumu. Nikamtafuta mwenzangu mmoja, tukakubaliana: nampa Palmer na straika wangu wa benchi, ananipa Mbeumo na Chris Wood. Kiungo kwa kiungo, straika kwa straika. Watu wazima wawili, tumepeana mkono.

Ikapelekwa kwenye kura, maana kanuni yetu ilikuwa dili ipigiwe kura na wote. Ikakataliwa. Sababu iliyoandikwa kwenye grupu: "Anaibiwa, tumsaidie." Yaani mimi ndiye niliyekuwa nasaidiwa. Wakaongeza: "Wood ana miaka 32, kibabu, atakata pumzi kabla ya Krismasi."

Msimu ukaisha Palmer na mabao 15, Mbeumo 20, Wood 20. Nilimaliza wa nne.

Sitafuti huruma (kidogo tu). Ninachotaka kusema ni kwamba tumekuwa tukihimizana kila mwaka, "jamani fanyeni biashara, ligi ichangamke," wakati biashara tunaiua siku ya drafti yenyewe. Klabu 20 zinaanzisha wachezaji 220 kila wiki. Sisi kumi tukibeba 15 kila mmoja, tumeshika 150. Maana yake hata tukibeba wale wanaoanza tu, huko nje wamebaki 70 wanaocheza mpira kila wiki, bure, hawana mwenyewe. Sasa nani atakuja kunibembeleza beki wangu wakati anaweza kuokota mwingine bila kumwambia mtu hata asante?

Na tatizo la pili: sote tuna umbo moja. 2, 5, 5, 3. Biashara huanza pale mimi nina ziada ya kile unachokosa, na apu tunayochezea imehakikisha hakuna mwenye ziada wala upungufu.

Kwa hiyo mwaka huu napendekeza tutoke kwenye apu, tuweke ligi kwenye jedwali letu la Excel. Kila mtu achukue wachezaji 18 wa nafasi yoyote anayotaka, mradi tu awe na angalau kipa 1, mabeki 3, viungo 3 na straika 1. Mtu akitaka kubeba mastraika saba, abebe. Tutakutana naye.

Karibuni mchangie. Matusi mwisho.

---

Mzee wa Benchi

Mimi nilipiga kura ya kukataa na ningekataa tena. Siku ile Palmer alikuwa ndiye mchezaji bora duniani. Usitulaumu kwa kutokuwa manabii.

Ila hesabu yako ya 220 naikubali. 18 mara kumi ni 180. Wanabaki 40, na kati ya hao 40 wengi ni mabeki wa timu zinazofungwa matatu matatu. Hapo mtu utanipigia simu mwenyewe.

---

Kiungo Mkabaji

@Mzee wa Benchi sikukulaumu kwa kukosea, mzee wangu. Nakulaumu kwa kupiga kura. Kama ningekosea mimi, si ni kikosi changu?

---

Mama Klinshiti

Kiungo, umesahau makipa na hapo ndipo soko lilipo.

Klabu 20, makipa wanaoanza 20. Watu kumi kila mmoja na makipa wawili, ndiyo 20 kamili, hakuna aliyebaki. Ukichelewa unaangukia kipa wa timu iliyopanda daraja, na misimu miwili mfululizo, 2023/24 na 2024/25, timu zote tatu zilizopanda zilishuka hapohapo. Watu wanawadharau makipa hao lakini mimi ninao kila mwaka na silalamiki: wakipigiwa mashuti tisa wakayaokoa, ni pointi tatu hata kama wamefungwa mawili na kupoteza moja. Kipa wa timu kubwa anasimama dakika tisini anajikuna.

Sasa ukisema kipa "angalau 1", utaona ninachokifanya. Nabeba makipa wanne. Wikiendi wa kwako akipata kadi nyekundu au akiumia, utanikuta nimekaa mlangoni.

---

Dakika ya 89

@Mama Klinshiti hiyo ni ulanguzi dada.

---

Mama Klinshiti

Ndiyo. Si mmesema mnataka biashara?

---

Refa Mstaafu

Niongeze mambo mawili ambayo nimeyaona kwenye ligi nyingine niliyomo.

La kwanza, zamu zenyewe za kuchagua ziuzwe. Hakuna anayelazimika kusubiri hadi Oktoba kufanya dili. Sisi hupanga zamu kwa bahati nasibu siku saba kabla ya drafti na kuanzia hapo soko liko wazi. Kwa mtindo wa nyoka (kila raundi mpangilio wa zamu unageuzwa), watu kumi, aliyepata namba 1 anachagua wa 1, kisha anasubiri hadi 20 na 21. Aliye namba 5 anapata 5 na 16. Namba 1 anaweza kumwambia: nipe zako zote mbili, chukua zangu zote mbili. Anashuka hatua nne raundi ya kwanza, anapanda nne raundi ya pili. Kama haoni tofauti kubwa kati ya mchezaji wa tano na yule wa kwanza, amefaidika. Kama mwenzake anamtaka Salah kwa gharama yoyote, naye amefaidika. Mwaka jana tulifika siku ya drafti zamu sita zikiwa tayari zimebadilisha mikono, na watu walikuwa wameshazoeana kuongea bei. Hiyo ndiyo faida kubwa, kuliko hata zamu zenyewe. Mtu aliyefanya dili moja ndogo Agosti haogopi kufanya nyingine Novemba.

La pili, futeni kura. Kura ya turufu inawapa watu wanane haki ya kuzuia wapinzani wao wawili wasiimarike. Unategemea wapige vipi? Hakuna anayehukumu haki pale, kila mtu anaangalia msimamo wa ligi.

---

Shabiki Damu

Mkifuta kura mtaletewa Dili la Shemeji. Ligi niliyokuwamo zamani (siitaji, wanajijua) jamaa wa mwisho kwenye msimamo, zimebaki wiki nne, akampa Haaland mtu wake wa karibu, akachukua straika asiyeanza. Alipoulizwa akasema "naona atalipuka." Alilipuka kweli, hakucheza hata dakika moja.

Ligi ilikufa pale pale. Agosti iliyofuata hakuna aliyeitisha drafti.

---

Refa Mstaafu

@Shabiki Damu kura isingewaokoa, mngeichelewesha tu. Dawa ya dili la shemeji iko kwingine.

Kwanza dirisha lifungwe mapema, zikibaki wiki nane. Anayeshika mkia wakati huo bado ana sababu ya kupigana. Pili, mpe sababu hata baada ya hapo: wale watano wa chini wapiganie zamu ya kwanza ya drafti ijayo, na aipate wa sita, sio wa mwisho. Ukimzawadia wa mwisho, unamlipa ajiuzie. Tatu, kila dili iandikwe hadharani na sentensi moja kutoka kwa kila upande: "Nafanya hivi kwa sababu..." Kazi ya admini ni kuangalia kama sentensi hiyo ina akili. Haangalii kama dili ni zuri, anaangalia kama mtu anaweza kulitaka kwa faida yake mwenyewe. Mtu kumchukua Wood wa miaka 32 kwa sababu hana mastraika, hiyo ina akili. "Naona atalipuka" haina.

Na dili la admini mwenyewe asimamie mtu mwingine.

---

Mzee wa Benchi

Naona Wood ameshakuwa mfano wa kisheria sasa.

---

Dakika ya 89

Niseme ukweli wangu hata kama nitachukiwa. Mimi nilijiunga ili nifurahie mpira, sikujiunga kuwa dalali. Jumamosi asubuhi natazama majeruhi, napanga kikosi, basi. Mkitengeneza ligi ambayo asiyefanya biashara hawezi kushinda, mnatengeneza ligi ya wenye maneno mengi. Kuna watu humu wana ulimi wa kumuuzia samaki maji. Mgeni ataingia, wiki ya pili amekwisha, amebaki na mabeki kumi na moja anaambiwa "hao ni uwekezaji."

---

Kiungo Mkabaji

@Dakika ya 89 hoja yako nzito, na nadhani kimya chetu kinasababishwa na jinsi tunavyoombana zaidi kuliko uvivu. Nimerudi kwenye meseji zangu za mwaka jana. Hizi ndizo nilizopokea:

"Vipi Saka unamuuza?"

"Mkuu, unataka nini kwa Saka?"

"Saka bado upo naye?"

Nijibu nini hapo? Ukiniuliza hivyo umenipa kazi ya kufikiria bei, kukagua kikosi chako, kisha nikutajie kitu ukikatae. Nikasoma, nikaacha. Halafu nikaangalia nilizotuma mimi, zilikuwa hivyo hivyo!

Ofa inayojibika inafanana na hii, niliyoipata mara moja tu msimu mzima:

"Una viungo watano wazuri na unawaanzisha wanne. Beki wako wa kulia ameumia wiki sita. Nakupa beki wangu anayeanza kila mechi na kiungo wangu wa benchi, nipe yule kiungo wako wa tano na huyo majeruhi wako nimsubiri mimi. Jibu kabla ya Ijumaa usiku."

Mtu amesoma kikosi changu kabla ya kuongea. Amenionyesha shida yangu, amenipa muda wa mwisho. Nilijibu ndani ya dakika tano. Hiyo ndiyo dili la pili nililolisema juu, lile lisilo la makipa.

Kwa hiyo napendekeza ubao. Kila Jumanne kila mtu anaweka majina matatu ambayo yuko tayari kuyaachia na nafasi moja anayoitafuta. Hata asiyependa maneno anaandika mstari mmoja. Na dili likikubaliwa lisubiri saa 24 kabla ya kukamilika, mgeni apate usingizi wa kuliwazia. Akiamka amejuta, linafutwa bila maswali.

---

Dakika ya 89

Saa 24 naikubali. Majina matatu, sawa. Ila nikiweka majina yale yale matatu hadi Mei msinisumbue.

---

Shabiki Damu

Mimi nina wazo ambalo mtalicheka.

Baada ya drafti kuisha, kila mtu apangiwe kwa kura wachezaji wawili ambao hawakuchaguliwa lakini wanaanza kwenye klabu zao. Kwa bahati nasibu tupu. Mnanijua, mimi ni Arsenal. Nikiangukiwa na beki wa Tottenham, nitamtoa siku hiyo hiyo kwa bei ya kutupa, siwezi kukaa naye nyumba moja. Na shabiki wa Tottenham aliyeko humu atamlipia zaidi ya thamani yake. Sote tunajua fantasi inachezwa na moyo asilimia kubwa, basi tuutumie huo moyo.

---

Mama Klinshiti

Sicheki. Hili ndilo wazo bora kwenye uzi huu mpaka sasa. Nilikuwa na shabiki wa Liverpool kwenye ligi moja alikuwa tayari kutoa chochote apate mchezaji wa Liverpool wa tatu. Chochote! Nilimaliza wa kwanza.

---

Mgeni wa Jukwaa

Samahani wakuu, naomba kuuliza. Kwa nini msifanye mnada badala ya kupokezana? Naona kwenye mnada kila mtu ana nafasi ya kumpata Haaland.

---

Refa Mstaafu

@Mgeni wa Jukwaa swali zuri. Mnada unaleta usawa mkubwa kuliko nyoka, hilo halina ubishi. Kila mmoja anapewa pointi mia mbili za kununulia, anaziponda anavyotaka. Na unaleta vikosi visivyofanana, kitu ambacho Kiungo anakitafuta: mmoja ana nyota wawili na mabaki, mwingine ana wastani mtupu. Hao wawili ni wateja wa asili.

Shida ni muda. Wachezaji 180 kwa mnada, hata mkitumia dakika moja kila mmoja, ni saa tatu kamili bila kwenda msalani. Na ikifika saa ya pili watu wanaanza kununua kwa hasira.

Kitu kimoja nakiiba kutoka kwenye mnada: pointi zikibaki, zitumike msimu mzima kunadia wasio na mwenyewe, na ziruhusiwe kuingia kwenye dili. "Nakupa beki na pointi kumi." Hiyo inaziba pengo pale mabadilishano yanapokuwa hayalingani kidogo. Dili nyingi hufia kwenye kapengo hako kadogo.

Kwa historia tu, mchezo huu ulibuniwa na watu wa Oakland, Marekani, mwaka 1962, kwa soka lao la Kimarekani, lile la mikono na kofia ngumu. Waliurithi ugawaji huu kutoka kwa ligi yao halisi, NFL, ambayo ilikuwa ikigawana wachezaji tangu 1936. Hakuna jipya tunalobuni hapa.

---

Mzee wa Benchi

Kuna jambo mmelipita. AFCON.

Mwaka huu wa 2025 inaanza Desemba 21 Morocco, inaisha Januari 18, 2026. Salah anaondoka na Misri, Mbeumo na Cameroon. Msimu uliopita wa 2024/25 Salah alifunga 29 akatoa pasi za mabao 18, pointi 344 kwenye fantasi, hakuna aliyekuwa amewahi kufika huko. Lakini anayemchukua Agosti anachukua mtu mwenye tarehe ya kuondoka. Kwa hiyo hapo kuna soko la kujiendesha lenyewe: anayeongoza ligi Desemba hataki pengo la mwezi mzima, aliye katikati anaweza kuvumilia akimwaza Salah wa Februari. Hamhitaji kanuni yoyote ya kuhimiza hilo. Msilizuie tu.

---

Kiungo Mkabaji

Mzee, hapo umenena. Naanza kukusamehe.

Wakuu, nimechukua haya: wachezaji 18 bila umbo, zamu kuuzwa wiki nzima kabla, hakuna kura, sentensi moja kila upande, saa 24, ubao wa Jumanne, dirisha kufungwa zikibaki wiki nane, wa sita anachagua wa kwanza mwakani, na wawili wa bahati nasibu wa Shabiki Damu juu ya wale 18. Wasio na mwenyewe wataokotwa wiki moja tu katika kila nne. Katikati ya hapo ni kubadilishana au kuvumilia. Refa atasimamia dili zangu. Mnada nimeuacha, sina saa tatu. Drafti ni Jumamosi.

---

Kiungo Mkabaji

MREJESHO

Drafti imeisha. Zamu nne ziliuzwa kabla. Mimi nilikuwa wa saba nikapanda hadi wa pili kwa kumpa mwenzangu raundi ya pili na ya tatu zangu, yeye akanirudishia zake za mwisho mwisho. Nimempata Salah. Mama Klinshiti amebeba makipa wanne kama alivyoahidi na ameanza kututazama vibaya. Shabiki Damu kura imemwangukia beki wa Tottenham, na hakupanga mtu, naapa. Alimweka kwenye ubao kabla hata hatujafunga jedwali.

Kikosi changu: viungo tisa, straika mmoja. Nilijisahau, nilikuwa nachagua kwa furaha.

---

Mzee wa Benchi

@Kiungo Mkabaji nimekiona hicho kikosi. Una straika mmoja na anatoka benchi kwenye klabu yake. Una viungo tisa na unaweza kuanzisha watano.

Mimi nina mastraika sita. Nakupa Chris Wood. Nipe kiungo mmoja, mimi nichague kati ya wako wa nne na wa tano kwa ubora. Jibu kabla ya Alhamisi usiku.

---

Kiungo Mkabaji

Mzee, Oktoba ulinikatalia huyu huyu kwa sababu ni kibabu. Leo ameongeza mwaka mzima unaniuzia?

---

Mzee wa Benchi

Sentensi yangu: "Nafanya hivi kwa sababu nina viungo watatu tu na mmoja ana goti."

Ya kwako?

---

Kiungo Mkabaji

"Nafanya hivi kwa sababu nilimtaka tangu mwaka jana." Chukua wa tano, wa nne simtoi.

@Refa Mstaafu andika, saa 24 zianze kuhesabiwa.